Tume ya Kuchunguza Ulafi wa Wakilimbe

Kuna nchi moja ambayo jina lake halitajwi bila kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kupisha sherehe za kufunguliwa kwake. Msomaji asiumize kichwa kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi njema. Mvua hunyesha kwa maelekezo kutoka juu, magazeti huandika habari za kesho ili zisichelewe, na kila raia huijua sifa ya mwenzake kabla hajamjua jina.

Sifa ndizo zinazoendesha mambo huko. Waliosoma Chuo cha Sheria wanajulikana kuwa waongo, kwa hiyo hupelekwa balozini. Wa Chuo cha Uhasibu wanajulikana kwa wepesi wa vidole, kwa hiyo hukabidhiwa hazina, maana serikali inaamini kila mtu afanye kazi anayoiweza. Wa Chuo cha Utawala wanajulikana kwa usingizi, na ndio maana bunge la nchi hiyo halijapata kuvunjika kwa kelele. Ila waliosoma Chuo cha Ufundi cha Kilimbe, kule bondeni kwenye mbu na matope, wanajulikana kwa jambo moja tu, ulafi, na jambo hilo halikuwapatia kazi yoyote, kwa kuwa nafasi zote za kula zilikuwa zimeshajaa.

"Wakilimbe huwajui wewe?" watu huambiana mitaani. "Nenda msibani. Yule anayelia huku ameelekea jikoni, ndiye."

"Mkilimbe akishakula, sahani haioshwi. Inafutwa vumbi tu."

"Na anatembea na kijiko mfukoni, bwana! Kama askari na rungu lake."

Hakuna aliyeicheka mizaha hiyo kwa sauti kubwa kumshinda Siwema Kachenje, karani katika Wizara ya Sifa. Aliicheka mpaka akashika mbavu, akaomba irudiwe. Alikuwa na sababu nzuri ya kucheka hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa Mkilimbe.

Mjini hakuna aliyejua. Alipoomba kazi aliandika kwamba amesoma "chuo cha bondeni", na katika wizara ile hakuna aliyewahi kuuliza bonde gani, kwa kuwa kuuliza kulihitaji kikao. Lakini ndani ya mkoba wake, chini ya bitana aliyoifumua na kuishona upya kwa mkono wake, kulikuwa na kijiko cha bati kilichofungwa kwenye leso. Alishajaribu kukitupa. Alifika nacho mpaka kwenye pipa la taka, akasimama pale kama anayeaga maiti, akarudi nacho nyumbani.

Na hakula mbele za watu. Kwenye harusi za wenzake aling'ata sambusa kidogo pembeni, akaiweka. Ofisini wakasema, "Siwema hana tumbo, ana kifuko cha shanga." Naye akachekelea, kisha akaenda kula chumbani kwake, mlango umefungwa kwa komeo.

*

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Mkuu alipokuwa akihutubia uwanjani. Mchekeshaji mmoja wa serikali (cheo kamili, chenye gari) alipanda jukwaani akatoa mzaha wa Mkilimbe na sufuria. Mheshimiwa Mkuu akacheka. Uwanja mzima ukacheka. Kisha Mheshimiwa Mkuu akanyamaza, akajikuna kidevu, akauliza:

"Lakini ni kweli?"

Uwanja ukafa ganzi. Tangu nchi ile ipate uhuru, hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo juu ya jambo lolote. Mawaziri wakatazamana. Mmoja akaona kizunguzungu, akasaidiwa kuketi.

Basi ikaundwa Tume. Mwenyekiti wake akateuliwa Profesa Anatoli Kipangule, bingwa wa tume, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na sauti ya kutangazia vifo. Ni yeye aliyeongoza ile tume mashuhuri iliyothibitisha kisayansi kwamba Mheshimiwa Mkuu ameshinda uchaguzi wiki mbili kabla haujafanyika, akawaokoa wananchi na usumbufu wa foleni. Taarifa ile ndiyo iliyomweka Mheshimiwa Mkuu kitini, na mpaka leo imewekwa kwenye kabati la kioo Ikulu, na watalii huipiga picha.

"Ulafi, ndugu wajumbe," alisema Profesa siku ya kwanza, akiwa amefumba macho kwa utamu wa maneno yake, "si tumbo. Ulafi ni itikadi ya tumbo! Tumekuja kuing'oa na mizizi yake, na majani yake, na vivuli vyake!"

Wajumbe wakapiga makofi. Profesa akafumbua macho, akamtazama Siwema.

"Wewe binti ndiye utakuwa katibu."

"Mimi, Profesa?"

"Nimeuliza wizara nzima. Hakuna aliyewahi kukuona ukila. Mtu wa namna hiyo hana upendeleo. Ukimaliza kazi hii vizuri, siku ya karamu ya kukabidhi taarifa nitatia sahihi mwenyewe uthibitishwe kazini."

Siwema akashukuru kwa kupiga goti. Ajira yake ilikuwa bado ya majaribio. Na kule Kilimbe, mwaka wa kwanza, alikuwapo mdogo wake Mwanjaa, aliyesomeshwa na ajira hiyo hiyo. Akirudi nyumbani mmoja, watarudi wote wawili.

Wahudumu wakaleta chai na maandazi. Profesa akachukua chai tupu. "Vidonda vya tumbo," akasema kwa huzuni, akiyasukuma maandazi mbali. Siwema naye akayasukuma ya kwake.

Tangu siku hiyo ikatolewa amri kwamba kila anayeingia ofisi za Tume apekuliwe mkoba, maana kijiko sasa kilikuwa ushahidi. Getini aliwekwa Afande Chambuso, mtu mnene mwenye masharubu na buti kubwa kuliko miguu yake. Asubuhi ya kwanza Siwema alimpa mkoba.

Afande akaupapasa juu, akaupapasa chini. Vidole vyake vikafika kwenye bitana, vikatulia.

"Mzito," akasema.

"Ni funguo, Afande."

"Funguo." Afande akaangalia juu angani, kama anayekagua mawingu. "Haya pita, dada yangu."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Siwema akaamini kwamba Mungu amemjalia askari mvivu.

*

Tume ikaenda Kilimbe kwa msafara wa magari ambayo barabara ya huko haikuwa na upana wa kuyapokea, kwa hiyo wajumbe wakamalizia safari kwa miguu, wamebeba viatu vyao. Mkuu wa chuo akawapokea kwa hotuba ya kuwakaribisha, na Profesa akajibu kwa hotuba ya kukubali kukaribishwa, na wanafunzi wakasimama juani mpaka hotuba hizo mbili zikachoka zenyewe.

Kisha wakaingia bwaloni. Maharage yalikuwa yameshapakuliwa. Wajumbe wakajipanga ukutani, kalamu mkononi, kama madaktari waliomzunguka mgonjwa mwenye pesa.

Walichokiona kiliwatoa macho. Kila meza, mwanafunzi mmoja aligonga meza kwa kijiko, ko-ko, akainama, na nusu ya bakuli ikatoweka kabla mjumbe hajamaliza kupepesa jicho. Kisha kijiko kikapanguswa, kikaruka kwa jirani, na jirani naye akainama. Hakuna aliyezungumza zaidi ya neno moja la chinichini. Bwalo zima lilisikika kama mvua inayokimbia juu ya bati.

"Mungu wangu," akanong'ona mjumbe mmoja. "Ni kweli."

Profesa alikuwa amegeuka, anatazama dirishani. Siwema akadhani ni kinyaa.

"Wewe kijana," Profesa akamwita mwanafunzi wa karibu bila kumtazama. "Kwa nini mnakula kama mnaofukuzwa?"

"Mwenzangu anasubiri, mzee."

"Anasubiri nini?"

"Kijiko."

"Katibu, andika. Wanagombea vijiko."

"Hatugombei, mzee, tuna—"

"Andika: na ni wabishi."

Siwema akaandika. Mkono uliandika na masikio yakasikia ko-ko ile, na tumbo lake, ambalo lilikuwa halijui siasa, likaanza kuunguruma.

Kwa faida ya msomaji, maana Tume haikuuliza, habari ya vijiko ni hii. Chuo cha Kilimbe kilipofunguliwa, serikali ilikiletea masanduku ya vijiko vipya vinavyong'aa. Waheshimiwa waliokuja kukata utepe walivitumia kula karamu ya ufunguzi, kisha kila mmoja akaondoka na kijiko chake mfukoni, kwa kumbukumbu. Mabakuli yakabaki. Wanafunzi wa kwanza wakaambiwa wavute subira, bajeti inakuja. Wenye vijiko vya nyumbani wakavileta, nao walikuwa wachache, na chakula kikipoa Kilimbe huliwa na inzi. Basi wakawekeana utaratibu. Mwenye kijiko anagonga mara mbili, maana yake hapa kipo, nani hana. Anakula nusu, tena mbio, kwa sababu kuna mtu ametoa macho anasubiri. Anakipangusa, anampa wa kuliani kwake. Anayepokea hasemi asante, kwa kuwa hajapewa zawadi, amefikiwa na haki yake. Husema neno moja tu, "Kimefika," ndipo naye anainama.

Ni kweli basi kwamba Mkilimbe hula mbio. Ni kweli kwamba hutembea na kijiko. Uvumi ule haukukosea hata punje. Ulisahau tu kumtazama mtu wa kuliani.

Siwema alipotoka nje kupunga upepo, mtu akamvuta kitenge nyuma ya jiko. Alikuwa Mwanjaa, ndevu za maharage bado zimo kidevuni.

"Dada, mnaandika nini mle?"

"Shii! Hunijui, sikujui. Ninaandika ninachoambiwa."

"Umeambiwa sisi ni walafi?"

"Mwanjaa, mdogo wangu, nikifukuzwa wewe utasoma kwa nini? Kwa upepo?"

"Na chuo kikifungwa nitasoma kwa nini? Kwa mshahara wako?" Mwanjaa akajipangusa kidevu. "Kijiko chako unacho bado?"

Mkono wa Siwema ukaenda wenyewe kwenye mkoba.

"Afadhali," Mwanjaa akasema. "Nilidhani umewaachia na hicho."

*

Karamu ya kukabidhi taarifa ilifanyika katika ukumbi wa Tume. Zabuni ya vijiko alipewa shemeji yake Waziri wa Sifa, mtu mwaminifu, ambaye alileta mapema kabisa picha za vijiko. Zilikuwa picha kubwa, zenye fremu za dhahabu, zikatundikwa kuta zote nne, na wageni walipoingia wakasema hawajapata kuona vijiko vizuri vile. Vijiko vyenyewe vilikuwa bado njiani.

Mheshimiwa Mkuu akaketi katikati ya meza kuu. Kushotoni kwake akaketi Profesa, na kushotoni kwa Profesa akaketi Siwema, taarifa mapajani, mkoba miguuni. Barua yake ya kuthibitishwa kazini ilikuwa mbele ya Profesa, kalamu juu yake.

Profesa akasoma mapendekezo. Sifa ya Wakilimbe imehakikiwa na kuonekana ni sahihi. Chuo kifungwe. Vyeti vyote vilivyowahi kutolewa na chuo hicho, tangu kifunguliwe, vifutwe. Mtumishi yeyote wa umma atakayekutwa na kijiko chake binafsi aondolewe kazini palepale, bila kusikilizwa, ili kuokoa muda.

Makofi yakapigwa. Supu ikaletwa. Ilikuwa supu ya kongoro, nzito, inafuka moshi, imejaa mpaka ukingoni mwa mabakuli ya kaure yaliyo mazito kama mawe ya msingi. Itifaki inakataza mtu kuinua bakuli mdomoni mbele ya Mheshimiwa Mkuu. Itifaki inakataza pia kuanza kula kabla yake. Mheshimiwa Mkuu akapapasa kulia kwa bakuli, akapapasa kushoto.

"Kijiko," akasema.

Waziri akamtazama shemeji yake. Shemeji akatazama picha.

"Kiko njiani, Mheshimiwa Mkuu."

"Njiani wapi?"

"Njia ndiyo inayotafutwa, Mheshimiwa Mkuu."

Ukumbi mzima ukaketi mbele ya supu inayopoa. Harufu ikapanda. Majenerali wakameza mate. Askofu mmoja na shehe mmoja, waliokuwa hawajapata kukubaliana juu ya jambo lolote, wakashusha pumzi kwa pamoja.

"Tusikae bure," Profesa akasema kwa furaha ya kulazimisha. "Katibu, hebu simama utusomee tena kile kipande cha tabia, tuburudike."

Siwema akasimama. Akafunua.

"Mkilimbe," akasoma, na sauti ikamtoka nyembamba, "ni kiumbe asiyeweza kuona chakula na kumkumbuka mwenzake."

Watu wakacheka. Akatazama ukumbi. Watu wote wale wenye nyota mabegani na hirizi za vyeo vifuani, kila mmoja anatazama bakuli lake, hakuna anayemtazama wa pembeni. Akamkumbuka Mwanjaa na kidevu chake.

"Endelea," Profesa akasema.

Siwema akaketi. Akainua mkoba, akauweka mezani, akaifumua bitana kwa kucha, uzi ukikatika mmoja mmoja. Akafungua leso. Akakishika kijiko cha bati, akagonga meza.

Ko-ko.

Kicheko kikakatika kama kilichokatwa kwa panga.

"Mkilimbe!" akapiga kelele mjumbe wa nyuma. "Mkilimbe huyo! Ndani ya Tume!"

"Ndiyo," Siwema akasema. "Wa bondeni. Bonde lile lile."

Kisha akainama akala. Alikula mbele ya Mheshimiwa Mkuu na majenerali wake, bila komeo wala pazia, kwa ile mbio aliyoificha miaka yote, na nusu ya bakuli ikaisha kabla walinzi hawajajua watumie sheria gani. Akasita. Akakipangusa kijiko kwa leso, kwa utulivu, akakipitisha kuliani kwake.

Kuliani kwake alikuwa Profesa Anatoli Kipangule, mdomo wazi, anatayarisha hotuba ya hasira. Kijiko kikamfika mkononi. Macho yake yakakitazama, na hotuba ikapotea mahali fulani njiani, pamoja na vile vijiko vya shemeji.

"Kimefika," akasema Profesa.

Akainama. Nusu ya bakuli ikatoweka. Akakipangusa kijiko kwa tai yake ya hariri, akakipitisha kuliani bila kuinua kichwa, na ni pale tu alipoona mkono ulionyooshwa kukipokea una pete yenye nembo ya taifa, ndipo alipojua amefanya nini.

Majenerali wakakisindikiza kijiko kwa macho.

"Vidonda vya tumbo, eh?" Siwema akamnong'oneza.

"Binti," Profesa akanong'ona, rangi imemtoka, "mimi ni wa darasa la kwanza kabisa la Kilimbe. Kwenye ufunguzi mimi ndiye niliyebeba masanduku."

Mheshimiwa Mkuu hakuwa amesikia. Alikuwa anakula. Alikula nusu, akapita nusu, akakomba mpaka chini, akalisogeza kwake bakuli la Profesa akalimaliza nalo. Kisha akakilamba kijiko mbele na nyuma, akakitazama kwenye mwanga, akakitia katika mfuko wa koti lake.

"Kwa kumbukumbu," akasema.

Makofi yakapigwa.

Hapo Mwanasheria Mkuu, ambaye hakuwa amelala siku hiyo, akamsogelea Mheshimiwa Mkuu akamnong'oneza sikioni. Yaliyosemwa ni siri ya taifa, kwa hiyo kila mtu anayajua. Chuo kikifungwa na vyeti vikifutwa, cheti cha Profesa kimefutika. Cheti kikifutika, uprofesa hauna miguu. Uprofesa ukianguka, taarifa zake zote ni karatasi za kufungia maandazi, hata ile iliyo ndani ya kabati la kioo.

Mheshimiwa Mkuu akajikuna kidevu. Akasimama.

"Nimeipokea taarifa," akasema, "na nimejionea kwa macho yangu. Chuo cha Kilimbe ni hazina ya taifa. Hakitafungwa, na atakayetaja kufungwa kwake atafungwa yeye. Vyeti vyake ni halali, hasa vya zamani. Profesa ana vidonda vya tumbo na supu ilikuwa dawa. Lakini ulafi upo!" Akamnyooshea kidole Siwema. "Huyu binti amekula kabla yangu."

Barua ya kuthibitishwa kazini ikachanwa palepale, kwa heshima, katika vipande vilivyo sawa. Profesa alishiriki kuichana. Hakumtazama usoni.

*

Siwema akatoka peke yake na mkoba uliochanika bitana. Hakulia. Alijaribu kukasirika, hasira ikaja nusu, kwa sababu nusu nyingine ya moyo wake ilikuwa inasikia kengele ya bwalo la Kilimbe, ambayo kesho itagongwa kama kawaida, na Mwanjaa atakimbia kama kawaida. Atamsomesha kwa nini, hilo hakulijua. Kilichomuuma zaidi, ajabu, ni mkoba ulivyokuwa mwepesi.

Getini Afande Chambuso akanyoosha mkono.

"Amri ni kupekua wanaotoka pia, dada yangu."

"Pekua. Hakuna kitu."

Afande akaupapasa mkoba, juu, chini. Vidole vikafika kwenye bitana, vikazama kwenye tundu.

"Zile funguo ziko wapi?"

"Ziko mfukoni mwa Mheshimiwa Mkuu."

Afande akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za jamaa. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akainama, masharubu yakigusa goti, akachomoa kitu kutoka ndani ya buti lake kubwa, akakigonga kwenye chuma cha geti.

Ko-ko.

"Leo usiku nitakula kwa mkono," akasema, akimpa. "Haya, pita."

Siwema akakipokea kile kijiko kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto, kwa joto la mguu wa mtu.

"Kimefika," akasema.